Kabla hujachanganya udongo wa tanuru, jua kila kiongezi kitageuka nini motoni

"Mama, tia simenti kidogo ishike." Ushauri huu naupewa bure kila ninapojenga tanuru, iwe kwa wasubu wa sufuria Vingunguti au kwa mwoka mikate wa Tabata. Mwingine atasema tia chumvi, wa tatu majivu, wa nne chupa iliyosagwa. Wote wana nia njema, na wote wanawaza kitu kimoja: udongo utakavyokuwa kesho asubuhi ukishakauka. Mimi nawaza udongo huo huo ukiwa mwekundu, uso wa ndani nyuzi 900, mgongo wake nyuzi 200. Hapo ndipo ukuta unapopasuka, na mara nyingi unapasuka kwa sababu sehemu zake hazitanuki sawasawa.

Kwa kazi mimi ni mjenzi wa matanuru. Karakana yangu iko Gongo la Mboto, Dar es Salaam, kwa hiyo kaolini ya Pugu, udongo mweupe wa kauri, kwangu ni jirani. Kabla ya hapo nilikuwa maabara ya udongo kiwandani, ndiko nilikojifunza kupima. Kanuni ninayoshika ni hii: kiongezi usikihesabu kwa jina lililoandikwa kwenye mfuko, kihesabu kwa kile kitakachokuwa baada ya moto. Ukishaelewa hilo, mengine yote ni kupima na kuchekecha.

Hesabu yenyewe

Kauri ikipata joto inarefuka kidogo sana, ndiyo maana tunahesabu kwa sehemu za milioni. Mulaiti, fuwele inayozaliwa kaolini ikiungua vya kutosha, inarefuka kama sehemu 5 katika milioni kwa kila nyuzi 1. Alumina, yaani oksidi ya alumini, kama 8. Magnesia, oksidi ya magnesi, kama 13. Zirkoni na silikoni kabaidi ziko kwenye 4 na nusu hivi. Kodieraiti ni 2, pengine pungufu. Kioo cha silika tupu ni nusu tu. Matofali ya kawaida ya udongo wa moto yako kati ya 5 na 6. Pipa la chuma unalojengea ndani yake lina 12, na alumini inayoyeyushwa humo 23.

Zidisha urefu kwa tofauti ya joto kwa namba hiyo. Ukuta wa meta 1 ukipanda nyuzi 1,000, kwa namba 5.5, unarefuka milimita 5 na nusu. Ukuta mzima ukirefuka pamoja na ukawa na nafasi, hakuna kesi. Kesi inaanza uso wa ndani unapotaka kurefuka na mgongo unakataa. Udongo uliochomwa huvumilia sana kubanwa na huvumilia kidogo mno kuvutwa. Ndiyo maana nyufa nyingi za uso wa ndani huzaliwa pale kijana anapofungua mfuniko ghafla na upepo ukaingia: uso unasinyaa kabla ya mgongo, unavutwa, unakatika.

Kwa hiyo kiongezi kinaweza kukusaidia kwa njia kadhaa. Kinaweza kupunguza hiyo namba. Kinaweza kuondoa mruko, yaani lile joto moja ambapo kitu kinatanuka kwa ghafla. Kinaweza kupitisha joto haraka ili tofauti ya uso na mgongo ipungue. Au kinaweza kuzuia ufa mdogo usikue. Mafundi wengi wanaulizia la kwanza tu, na kwa matanuru yetu ya Dar la pili ndilo linaloua zaidi.

Silika moja, tabia tatu

Chukua silika, kitu kilichojaa kila mahali, kwenye mchanga, kwenye kioo, kwenye majivu ya pumba za mpunga. Ikiwa kioo tupu haitanuki karibu kabisa. Ikiwa kwatsi, yaani chembe za mchanga mweupe, inatanuka kwa nguvu tangu mwanzo, na ikifika nyuzi 573 fuwele yake inabadilika umbo kwa mkupuo mmoja. Tangu ikiwa baridi mpaka ivuke 573, chembe ya kwatsi inakuwa imerefuka zaidi ya asilimia 1. Mulaiti inayoizunguka, kwa safari hiyo hiyo, imerefuka kama asilimia 0.3. Hebu mfikirie abiria anayetanua viwiko ndani ya daladala la Mbagala saa kumi na mbili jioni. Kwatsi ndani ya ukuta wako ni huyo. Ikipoa inarudi kwa ghafla vilevile, na kuacha uwazi mwembamba kuizunguka.

Tabia ya tatu ni kristobalaiti. Silika iliyobaki huru ikikaa juu ya nyuzi 1,100 au 1,200 kwa muda, sehemu yake hugeuka kristobalaiti, na hii ina mruko wake chini kabisa, kati ya nyuzi 200 na 270, takribani asilimia 1 kwa urefu. Ni mruko mbaya kuliko wa kwatsi kwa sababu kila tanuru linapita hapo, hata jiko.

Sasa ona linavyogeuka kuwa jambo la biashara. Tanuri la mkate linafanya kazi nyuzi 250 mpaka 400. Halifiki 573 hata siku moja. Mchanga wa mto, ulio kwatsi tupu, ukiwekwa kwenye ukuta wake hauna neno. Lakini mtu akikuletea matofali ya silika yaliyotolewa kwenye tanuru kuukuu la kiwanda cha kioo, ukajengea tanuri hilo la mkate, umeleta kristobalaiti kwenye joto lile lile inaloruka, asubuhi na jioni. Matofali hayo ni mazuri sana kule yalikotoka, kwa sababu tanuru la kioo huwashwa likakaa miaka bila kupoa, na juu ya nyuzi 600 matofali ya silika karibu hayatanuki tena. Ubora wake ni wa joto lisiloshuka.

Tanuru la msubu ni kinyume chake. Alumini inayeyuka nyuzi 660, ukuta karibu na mdomo wa feni unapita 1,000, jioni linazimwa. Kila siku ya kazi linavuka 573 likipanda na likishuka. Huyo ndiye mteja ambaye mchanga utamfilisi.

Kuosha kaolini ya Pugu

Kaolini ya Pugu haitoki ardhini ikiwa safi. Ni mwamba wa mchanga, na kaolini nyeupe imejaa katikati ya chembe za kwatsi. Ukiichukua jinsi ilivyo ukasema "udongo mweupe huu unavumilia moto," umesema kweli nusu. Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi kuliko mahali pengine, na sioni haya kumwambia mteja asubiri.

Vunja mabonge, loweka kwenye pipa la plastiki usiku kucha. Asubuhi koroga kwa nguvu mpaka maji yawe meupe pe, halafu ongeza maji: uji mzito unabeba mchanga, mwepesi unauangusha. Nataka uzito wa maziwa ya kawaida, si wa mtindi. Acha dakika moja. Mchanga mkubwa unazama, utausikia ukigusa chini kwa fimbo, unakwaruza kama sukari. Mimina maziwa yale kwenye pipa la pili, mchanga ubaki.

Pipa la pili koroga tena, safari hii acha dakika 10 bila kugusa, kisha vuta kwa mpira sentimita 20 za juu tu. Kwa muda huo chembe za kwatsi kubwa kuliko mikroni 20 hivi (mikroni ni elfu moja ya milimita) zimeshashuka chini ya kina hicho. Kinachobaki juu ni kaolini na vumbi la kwatsi dogo mno. Dogo hilo linasumbua kidogo, kwa sababu kadiri chembe inavyokuwa ndogo ndivyo ufa inaouzaa unavyokuwa mfupi, na kwenye joto kubwa huyeyukia ndani ya kioo kinachojitengeneza. Rudia kuvuta, ongeza maji, koroga, subiri, vuta.

Chuja kwa kitambaa cha kanga kuukuu, kausha kivulini. Kujua kama umemaliza, chukua punje ndogo kati ya meno ya mbele, sugua taratibu. Kaolini safi ni laini kama unga wa muhogo. Ukisikia hata kidogo tu "krr", rudi kwenye pipa. Maabara tulikuwa na vyekecheo vya kila namna na bado mzee aliyenifundisha alianza na meno.

Mchanga uliobaki usiutupe. Ndio ninaomwagia chini ya sakafu ya matanuri ya mkate.

Chamoti kabla ya kitu kingine chochote

Ukiniuliza kiongezi kimoja, nitakuambia chamoti: udongo ule ule uliokwisha kuchomwa, ukavunjwa. Imeshasinyaa, haitasinyaa tena. Sehemu yake kubwa ni mulaiti na kioo, kwa hiyo namba yake iko karibu na ya udongo utakaoizunguka baada ya kuchomwa. Na ufa ukianza unakutana na punje ngumu, unapinda, unachoka.

Tengeneza yako mwenyewe kwa kaolini iliyooshwa: kanda, kata vitonge, choma kwa joto kubwa kuliko tanuru lenyewe litakavyofanya kazi. Usinunue vigae vya sakafu vilivyovunjika ukasaga ukaita chamoti. Vina feldispa nyingi, madini yanayoyeyusha udongo, vikipata joto kubwa vinalainika. Matofali mekundu ya kuchoma nayo yana kwatsi na chuma kibao. Kwa jiko la mkaa sawa, kwa msubu hapana.

Mchanganyiko ninaoanzia kwa ukuta wa ndani wa tanuru la alumini, kwa uzito: chamoti kubwa ya milimita 2 hadi 5 sehemu 35, ya kati sehemu 20, laini sehemu 10, kaolini iliyooshwa 20, na udongo wa kunata wa wafinyanzi 15. Huo wa mwisho ni wa kushikisha tu. Una chuma na alkali, ukizidisha unashusha uvumilivu wa moto. Maji yawe machache: ukiminya kwa ngumi tonge likae, lisitoke jasho. Gongea kwa nyundo ya mbao, tabaka kwa tabaka, ukikwaruza kila tabaka kabla ya lifuatalo.

Vya kupunguza kutanuka, na masharti yake

Alumina. Hapa kanuni yangu inaonekana waziwazi. Alumina peke yake ina namba 8, kubwa kuliko ya udongo. Ukiitia ikiwa punje kubwa, inabaki alumina, na ukuta mzima unapanda namba kidogo. Ukiitia ikiwa unga laini sana na ukachoma nyuzi 1,400 na zaidi, inakamata ile silika huru na kuzaa mulaiti zaidi. Hapo umeondoa chakula cha kristobalaiti, na kutanuka kunakuwa kwa utulivu. Alumina ile ile, matokeo mawili. Kwenye tanuru linalochomwa nyuzi 1,200 kazi hiyo inakwenda kwa kusuasua, usiihesabie.

Chanzo cha bure kipo gereji: ile kauri nyeupe ya plagi chakavu ni alumina kwa sehemu kubwa mno. Inavunjika kwa vipande vyenye ncha kama wembe, kwa hiyo miwani na glavu. Inakuwa punje, si unga, maana ni ngumu kuliko nyundo yako. Mimi naitumia mahali pa kusuguliwa tu, kwenye kizingiti cha mlango.

Talki na kodieraiti. Huyu ndiye bingwa wa namba ndogo, na ndiye anayewadanganya watu wengi. Kodieraiti ina magnesia asilimia 13.8, alumina 34.9 na silika 51.3. Talki, lile jiwe laini la kutengenezea poda, inakupa magnesia na silika, kaolini inakupa alumina na silika, kisha unajazia alumina. Ukipiga hesabu, talki safi ni sehemu 40, kaolini safi 47, alumina laini 13. Saga pamoja mpaka iwe unga mmoja, maana chembe zisipogusana hazioani.

Lakini lazima uchome karibu na nyuzi 1,300 hadi 1,350, na ukivuka kidogo unaanza kuyeyuka na kupinda. Dirisha lake ni jembamba. Ukichoma nyuzi 1,050 tu, kodieraiti haizaliwi. Udongo wenye talki nyingi uliochomwa joto dogo hutanuka zaidi, si pungufu. Wafinyanzi wa vigae hutumia tabia hiyo kwa makusudi, ili mwili usinyae vya kutosha na kuibana rangi ya juu isipasuke. Kijana mmoja alikuja na mfuko wa talki, "Mama, nimesoma inazuia nyufa." Nikamuuliza tanuru lake linafika wapi. Akasema linayeyusha shaba nyeupe vizuri tu. Nikamwambia basi, mwanangu, uza huo mfuko.

Kama unataka kodieraiti bila kuichoma mwenyewe, imeshachomwa tayari: sega la kauri lililo ndani ya ekzosi za magari mengi ya petroli limetengenezwa kwa kodieraiti, kazi iliyofanywa na Rodney Bagley, Irwin Lachman na Ronald Lewis wa kampuni ya vioo ya Corning, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Inapata moto na maji ya mvua barabarani bila kulalamika. Siwashauri mtu kuyavunja hayo masega, vumbi lake lina metali zisizofaa kuvutwa, na wenye vyuma chakavu wanayanunua kwa bei ambayo hutaki kuisaga. Nataja ili ujue namba ndogo inaonekanaje mtaani.

Litiamu. Spodumini, madini yenye litiamu, ikishachomwa ina namba ndogo sana, karibu 1. Kuna kisa kinachojulikana cha Donald Stookey, mtafiti wa Corning hiyo hiyo, ambaye mwaka 1953 tanuru lake lilizidisha joto juu ya kipande cha kioo chenye litiamu, akakuta kimekuwa kauri nyeupe ambayo ilidondoka sakafuni isivunjike. Bakuli nyeupe za kutoka friza hadi jikoni zilitokana na hapo. Litiamu hata hivyo huyeyusha udongo mapema, kwa hiyo ni nzuri kwa vyungu vya kupikia kwenye gesi, si kwa ukuta wa tanuru.

Silikoni kabaidi haipunguzi namba sana, ila inapitisha joto haraka mno, uso na mgongo wa kipande vinakaribiana. Asilimia 10 hadi 20 kwenye rafu au chungu cha kuyeyushia inaleta tofauti unayoiona. Mawe ya kusagia terazo yaliyochakaa ni chanzo. Hewani inaliwa polepole na kuacha silika, na unajua silika hugeuka nini. Na usiiweke ukuta mzima: tanuru linalopitisha joto haraka linakula mkaa.

Zirkonia ni ya wenye mifuko mirefu. Ikiwa tupu, fuwele yake inabadilika kwenye nyuzi 1,170 ikipanda na karibu 950 ikishuka, na kipande kinajivunja chenyewe. Ndiyo maana huchanganywa na yitria, chokaa au magnesia kidogo, ambazo zinaishikilia umbo moja. Zirkoni, ambayo ni kitu tofauti, ni ya bei nafuu na yenye utulivu. Unga wake kwenye rangi ya kupaka uso wa ndani unafaa.

Vya kukataa

Simenti ya ujenzi: ikishika, ndani yake kuna chokaa iliyobeba maji. Kati ya nyuzi 400 na 500 maji yale yanatoka, inabaki chokaa mbichi. Tanuru likipoa, hewa ya Dar ilivyo na unyevu, chokaa inakunywa maji tena, inavimba, ukuta unamomonyoka. Juu ya hayo, chokaa kwenye joto kubwa inayeyusha udongo. Simenti ya alumina ni kitu kingine kabisa na ina kazi yake, usichanganye majina.

Mchanga wa pwani una vipande vya matumbawe na makombe. Ukivuka nyuzi 800 vinakuwa chokaa, na wiki inayofuata utaona ukuta umetoa vishimo vyenye kitone cheupe katikati.

Chupa iliyosagwa inalainika karibu na nyuzi 700 na ina namba 9. Chumvi inakula ukuta. Majivu ya pumba za mpunga yanadanganya: yakichomwa kwa joto dogo silika yake ni kioo, nzuri, lakini yana alkali, na ndani ya tanuru la nyuzi 1,100 yanageuka kristobalaiti upesi kuliko mchanga.

Maranda ya Keko na pumba zenyewe sizikatai. Zinaungua na kuacha matundu, ukuta unakuwa mwepesi na unatunza joto. Ila uache kuwaambia watu kwamba zinapunguza kutanuka. Tundu halitanuki wala halizuii kutanuka. Ukuta wenye matundu unarefuka kama ule usio nayo. Unachopata ni ulegevu: unavumilia kuvutwa kidogo bila kukatika. Uweke nyuma, si mbele ya moto.

Na barakoa, ya kweli, si kitambaa. Vumbi la kwatsi na la kristobalaiti likiingia kwenye mapafu halitoki.

Kupima nyumbani

Tengeneza vipande virefu vya sentimita 10, vya kila mchanganyiko vitano, vyote vimechomwa pamoja. Kipimo cha kwanza ni cha maji: pasha hadi nyuzi 300, tumbukiza kwenye ndoo, kausha, gonga kwa bisibisi. Kilicho kizima kinalia, chenye ufa kinakohoa. Rudia, andika kila kimoja kimekufa raundi ya ngapi.

Cha pili kinakuonyesha sababu. Tafuta bomba la kioo cha silika kutoka hita ya umeme iliyokufa, na kijiti cha kioo hicho hicho. Ziba upande mmoja wa bomba kwa kigae kinachokaa imara, ingiza kipande chako, fuatisha kijiti, na kichwa cha kijiti kiguse geji ya saa, ile ambayo mafundi injini wanapimia mzunguko wa krenkishafti, inayosoma milimita 0.01. Thamokapo aina ya K, kipimajoto cha waya, iguse kipande. Kipande kiwe ndani ya tanuru dogo la umeme, geji iwe nje na ikingwe joto. Panda polepole, nyuzi 3 kwa dakika, andika kila nyuzi 25.

Kipande cha milimita 100 kikipanda kutoka nyuzi 30 hadi 800, kwa namba 6 kitarefuka milimita 0.46, lakini bomba nalo linatanuka, kwa hiyo geji itasoma kama 0.42; ongeza 0.04 kwa ajili ya hilo bomba. Lakini namba ya mwisho siyo ninayoitazama kwanza. Chora mstari. Ukipanda wima karibu na 573, hukuosha kaolini vya kutosha. Ukipanda wima kabla ya 270, una kristobalaiti, umechoma juu sana au muda mrefu mno, na unahitaji feldispa kidogo inayeyushe silika huru iwe kioo. Ndiyo, feldispa, ambayo kioo chake kina namba kubwa, inaweza kupunguza kutanuka kwa jumla kwa kumeza kilicho kibaya zaidi. Asilimia 3 hadi 5, na uvumilivu wa moto unashuka, kwa hiyo ni kwa vyombo kuliko ukuta. Mstari ukiwa mnyoofu, hata kama namba ni 6 badala ya 4, ujenge.

Kuacha nafasi na kuwasha mara ya kwanza

Hata mchanganyiko bora utarefuka. Kwa ukuta wa tanuru la pipa, zungushia boksi la katoni kati ya pipa na udongo. Litaungua na kuacha nafasi. Ukuta mrefu ukate kila sentimita 50, weka katoni ya milimita 3 kwenye kila mkato. Ni ule ule urefu wa milimita 5 na nusu kwa meta uliougawa mara mbili. Mkato uupige kwa ngazi, moto usipate njia ya moja kwa moja.

Wakati wa masika usiamini ukavu wa uso. Acha wiki tatu kivulini penye upepo. Kisha mkaa kidogo chini, nyuzi 100 hadi 120, siku nzima. Shika kioo kidogo mdomoni mwa tanuru, kikipata ukungu maji bado yapo. Ukungu ukiisha, panda taratibu. Kati ya 450 na 600 kaolini inatoa maji yaliyofungwa ndani ya fuwele na kwatsi iliyobaki inaruka, kwa hiyo hapo usizidi nyuzi 50 kwa saa. Juu ya 650 unaweza kuongeza feni. Kushuka ni hivyo hivyo kwa kinyume: funga mdomo, funga njia ya feni, nenda nyumbani, na mwambie kijana wa zamu asifungue mfuniko kuchomea mahindi.